Sahani ya Kuonja

Mama Vipimo alikuwa mpishi wa chakula ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukionja. Kwa miaka ishirini na sita alisimama mbele ya meza ileile ya chuma, katika chumba cha mwisho cha maabara ya mimea, akichemsha jeli. Jeli yenyewe haina makuu: maji, madini ya kulisha mmea, sukari kidogo, na unga wa mwani wa kuigandisha. Inamiminwa ingali moto kwenye visahani vya plastiki vyenye vifuniko. Ikishapoa mtu anapanda mbegu juu yake, kisha anakaa kutazama mizizi ikishuka myeupe, bila udongo wa kuificha. Watafiti walikuja na kuondoka. Wengine walikuja kuwa wakubwa, wakirudi wanapita mlangoni kwake kama hawamjui, na wote hao shahada zao ziliota juu ya jeli yake. Hakuna aliyemtaja kwenye shukrani, ila mmoja tu, na huyo naye alikosea jina.

Hilo la Vipimo lilikuwa jina la utani, na alilipata kihalali. Mizani yake haikuguswa na mtu. Aliyeigusa alipewa kipande chake pale pale, awe mwanafunzi awe profesa, na akitoka hapo alikuwa amejifunza adabu. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa uzi, na mfuko wa koti lake jeupe ulijaa mipira ya kufungia: ile myekundu, myembamba, ya kubania karatasi.

Mipira hiyo ilikuwa na kazi yake. Jeli nyingine zinatiwa homoni ya ukuaji, na homoni hiyo haipendi moto. Ukiitia jeli ikichemka, umeiua. Kwa hiyo Mama Vipimo alisubiri mpaka chupa ipoe, akaigusisha kwenye kiwiko kama mama anayepima maziwa ya mtoto, kisha akatia homoni kwa pipeti, kile kibomba chembamba cha kupimia, na papo hapo akavisha shingo ya chupa mpira mwekundu. Homoni haina rangi wala harufu. Ukishaitia, chupa yenye homoni na isiyo na homoni ni mapacha. Mpira ndio uliokuwa shahidi wake: chupa yenye mpira ina homoni, isiyo nao haina.

Na kulikuwa na jambo lingine ambalo hakumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza. Mpishi yeyote anayejiheshimu huonja. Yeye, kwa kuwa hawezi kuonja, aliachia mbegu zionje kwa niaba yake. Kila chupa iliyotoka mikononi mwake ilitoa kisahani kimoja cha ziada, akapanda humo mbegu kumi za kawaida, zile zisizo na ujanja wowote, akakisimamisha kwenye rafu ya dirisha katika chumba cha kuoshea vyombo, nyuma ya karatasi ya njano inayochuja jua. Baada ya wiki aliangalia mizizi, akaguna, akatupa. Aliviita sahani za kuonja.

Mwaka ule alikuja binti mmoja mwembamba, mwenye shingo ndefu na haraka nyingi, kufanya utafiti wa shahada ya udaktari. Mama Vipimo alimpa jina la Kijiti siku ya kwanza, na binti alicheka badala ya kununa, basi wakapatana. Kijiti alikuwa na tabia ya kuja kunywa chai kwenye kibaraza cha chumba cha kuoshea na kueleza kazi yake hata kama hajaulizwa.

"Mama, homoni yenyewe haijengi kitu," alisema siku moja. "Ni ujumbe tu. Ndani ya seli kuna protini zinazoshika jeni, zinaziwasha na kuzizima. Vitabuni zinaitwa vipengele vya unukuzi."

"Hilo ni jina au ugonjwa? Hebu nieleze kama unamweleza mama yako."

Kijiti alifikiri kidogo. "Ni kama ofisi imetuma barua kiwandani. Barua haishiki nyundo. Lazima kuwe na mtu wa kuipokea, awaambie wafanyakazi waanze."

"Mnyapara."

"Eeh, mnyapara! Sasa siku za kawaida huyo mnyapara amebanwa, kuna protini nyingine imemkalia. Homoni ikifika, ile iliyomkalia inavunjwavunjwa, mnyapara anainuka, jeni zinawaka. Mzizi unapata habari kwamba homoni imezidi, unanuna. Unabaki mfupi na unaota ndevu."

"Na wewe umemfanyaje huyo mnyapara?"

"Nimemwondoa mmoja."

"Ukatili huo!"

"Wapo wengi, mama, kila mmoja na zamu yake. Nataka kujua kama ni huyu anayeuambia mzizi uwe mfupi. Kama ni yeye, basi hata nikiulisha homoni, mzizi utaendelea kurefuka kana kwamba hakuna kilichotokea. Ujumbe utafika, lakini wa kuupokea hayupo."

Mama Vipimo alitikisa kichwa, akaosha vikombe. Maneno yale yalimkaa, kwa sababu aliyajua kwa njia nyingine. Mama yake mzazi, aliyefariki mwaka uliotangulia, alikaa miaka tisa kwenye kiti karibu na mlango, masikio mazima, macho mazima. Ungemwita "Mama!" akageuka, sauti imemfika kabisa, kisha uso wake ukabaki vilevile. Mama Vipimo alikuwa amemlisha, amemwogesha, amemwimbia, na kilichomuuma kuliko vyote ni kule kugeuka.

Kijiti alipata mbegu za mmea wake usio na mnyapara baada ya miezi minane ya kuchavusha, kusubiri na kuomba. Zilikuwa chache, hazikujaza hata ncha ya kijiko cha chai. Jumanne moja Mama Vipimo alimpikia jeli ya homoni, visahani sita. Wiki moja baadaye Kijiti aliingia kwenye chumba cha ukuzaji, akatoka mbio huku ameshika visahani vyote kifuani. Mizizi ilikuwa mirefu, imenyooka, laini, hakuna hata mmoja ulionuna. Mimea yote, kwenye visahani vyote sita.

Profesa aliviangalia kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha, asionyeshe furaha yoyote. Alikuwa mtu wa haki lakini mkavu.

"Mbegu za kawaida ulizipanda wapi?"

"Sikuzipanda, Profesa. Nilitaka kulinganisha na picha za mwezi uliopita, ili visahani visipotee."

"Basi huna kitu. Ama umegundua jambo, ama jeli hii haikutiwa homoni, na kwa macho mambo haya mawili ni sawasawa. Nani aliipika?"

Ndipo Kijiti akaja mpaka chumba cha mwisho, akasimama mlangoni akichezea kucha. Alikuwa mtoto mwenye heshima, na swali lilimtoka kwa shida.

"Mama, samahani. Jumanne ile... homoni uliitia?"

"Niliitia," Mama Vipimo alijibu haraka, bila kugeuka.

Kijiti alishukuru akaondoka. Mama Vipimo alibaki ameshika brashi ya kuoshea chupa, maji yakimwagika, kwa sababu alikuwa hakumbuki. Aliitafuta Jumanne ile kichwani. Aliiona chupa ikipoa. Aliikumbuka simu, ilikuwa ya dada yake mkubwa, aliyekuwa hospitali kupima presha; nesi alikuwa akimjazia fomu ya magonjwa ya ukoo. "Hivi mama alianza kusahau akiwa na miaka mingapi?" dada aliuliza. Naye alijibu, "Hamsini na tisa." Baada ya hapo alijikumbuka akimimina jeli kwenye visahani, chupa ikiwa na mpira wake, lakini mkono unaosahau ungeweza kuvisha mpira bila kutia. Katikati hapakuwa na kitu, ukungu mtupu. Yeye mwenyewe alikuwa ametimiza miaka hamsini na tisa mwezi huohuo.

Sahani ya kuonja ya Jumanne ilikuwa pale dirishani, hatua nne tu. Mizizi mifupi ingemaanisha alitia. Mirefu ingemaanisha alisahau, na amemdanganya mtoto wa watu, na kile kilichomla mama yake kimeshabisha hodi kwake. Alizigeuzia rafu mgongo. Jumatano hakuangalia, Alhamisi vilevile. Aliosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Nyumbani mume wake, fundi saa aliyestaafu lakini ambaye bado meza yake ilijaa matumbo ya saa za watu, alikula mchuzi wake kimya, akanywa maji gilasi tatu, akamtazama kwa upole.

"Mbona unanitazama hivyo?"

"Nisimtazame mke wangu?"

"Mchuzi mbaya?"

"Mchuzi mzuri, bibie," alisema, akamimina gilasi ya nne.

Nisimtetee sana. Alikuwa mwoga siku mbili zile, na woga wake ulimla mwingine: Kijiti alikonda zaidi, kama hilo lilikuwa linawezekana. Profesa alikuwa ameamua kwamba visahani vile si ushahidi wa lolote, viteketezwe Ijumaa, na Kijiti aanze upya na mbegu zilizosalia, ambazo hazikuzidi visahani viwili. Na kwa utaratibu wa maabara, mimea iliyochezewa jeni haitupwi hivi hivi. Inaingizwa kwenye mtungi wa mvuke kwanza, na mwenye mtungi alikuwa Mama Vipimo.

Kwa hiyo Ijumaa saa tisa alasiri Kijiti alikuja na mfuko wa njano, visahani sita ndani, macho mekundu. Aliuweka juu ya meza ya chuma.

"Shikamoo mama. Nimeleta vya kuchemsha."

"Marahaba." Mama Vipimo aliufungua mtungi. Alikuwa ameufungua mara nyingi kuliko alivyofungua mlango wa nyumba yake, lakini siku hiyo kifuniko kilimwelemea. Aliuchukua mfuko, akaona kupitia plastiki ile mizizi mirefu, miezi minane ya mtu.

"Ngoja," alisema.

"Ningoje nini, mama?"

"Ngoja, nimekwambia. Njoo huku."

Alipiga moyo konde, akaenda kwenye chumba cha kuoshea, akaibandua ile karatasi ya njano. Akatafuta kisahani chenye tarehe ya Jumanne, mwandiko wake mwenyewe, akakinyanyua kwenye mwanga bila kuvaa miwani, kama mtu anayetaka kuahirisha dakika moja zaidi. Kisha akaivaa.

Mizizi ilikuwa mifupi. Mbegu zote kumi za kawaida zilikuwa zimenuna vibaya sana, zimeota ndevu tele.

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akampa Kijiti kisahani, akamweleza kwa maneno machache: jeli ileile, chupa ileile, mbegu za kawaida, mimi huonja kila mara. Kijiti alikigeuza huku na huku, akakiweka sambamba na kimoja cha kwake. Ukelele alioutoa ulimleta hata mlinzi wa lango la nyuma.

"Ilikuwemo! Mama, homoni ilikuwemo! Za kawaida zimesikia, za kwangu hazikusikia! Ni yeye, mnyapara ni yeye!" Alimkumbatia Mama Vipimo pamoja na ndoo yake. "Na wewe hukusahau! Nilijua hukusahau!"

Mama Vipimo alicheka, machozi yakimtoka, kwa furaha kubwa ambayo hakuwa ameipata tangu mama yake azikwe. Alikuwa mzima. Kijiti alikuwa tayari ametoa daftari, ameegemea sinki, anaandika: tarehe, chupa, kiasi cha homoni.

Hapo mikono ya Mama Vipimo, ambayo ilikuwa imezoea kazi kuliko alivyozoea yeye furaha, ilichukua kisahani kingine kutoka rafuni, cha chupa ya homoni ya Jumatano ya wiki ileile, na kukiweka kando ya kile cha Jumanne. Alifanya hivyo bila kufikiri, kwa sababu ndivyo alivyofanya siku zote. Kwenye kile cha Jumatano mzizi ulikuwa na urefu wa punje ya mchele, kama ilivyopaswa, kama ilivyokuwa kwa miaka ishirini na sita. Kwenye kile cha Jumanne mzizi haukufika hata punje ya ufuta.

Aliangalia tena. Aliinua miwani, akaifuta kwenye koti, akaangalia mara ya tatu. Macho yake hayakuwa na tatizo. Alizijua sahani zake kama mtu anavyojua meno yake kwa ulimi, na mizizi ile ilikuwa imekula homoni mara mbili.

Sasa aliiona Jumanne yote, si kwa kuikumbuka bali kwa kuipigia hesabu. Alitia homoni. Simu ikalia kabla mkono haujafika kwenye mfuko wa mipira. Dada akauliza lile swali. Akarudi mezani, akaona shingo ya chupa iko tupu, haina mpira, basi haina homoni, akatia tena na kuvisha mpira. Na kule kutia kwa kwanza kulikuwa kumefutika kabisa, kama hakukuwahi kuwapo.

Kijiti hakuwa amegundua chochote. Alikuwa anaandika na kuimba puani. Mama Vipimo angetulia tu, mambo yangekwisha vizuri, kila mtu na furaha yake, naye angerudi nyumbani akiwa mzima machoni pa watu wote. Aliliwaza hilo, wala sitasema hakuliwaza. Aliliwaza kwa muda wa kutosha kuona aibu.

"Usiandike hiyo namba," alisema.

"Namba gani?"

"Kiasi. Si hicho. Ni mara mbili yake."

Kijiti aliinua kichwa. Mama Vipimo alimwonyesha mchele na ufuta. Alimweleza habari ya simu.

"Sikusahau kutia, mwanangu. Nilisahau kwamba nimetia. Na uliponiuliza nikakujibu niliitia, nilikuwa sijui. Nilikudanganya."

Bomba lilikuwa linadondosha maji kwenye sinki. Kijiti alifunga kalamu, akaifungua tena.

"Mama, mtu yeyote simu ikimkatiza..."

"Mtu yeyote si mimi. Mama yangu alianza hivihivi, na umri huuhuu. Naogopa." Hakuwa amelitamka neno hilo kwa mtu, hata kwa mumewe. Lilipotoka alishangaa kwamba bado amekaa wima.

Kijiti alichuchumaa mbele ya ndoo, akamshika mikono yote miwili, ikiwa bado ndani ya glavu. Hakusema kwamba jambo hilo halina shida, kwa sababu hakujua kama halina. "Niandike tu kwamba dozi ilizidi," alisema baadaye. "Si lazima niandike kwa nini."

"Andika kwa nini. Andika: kwa kosa la mpishi. Na jina langu la kitambulisho, usilikosee."

Profesa alisoma daftari akiwa amesimama, akarudia ukurasa ule mara mbili. Kisha akaja mwenyewe hadi chumba cha mwisho, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka, akaomba kuonyeshwa rafu ya dirisha. Alimwambia Mama Vipimo kwamba mzizi unaopuuza homoni mara mbili ni habari nzito kuliko unaopuuza mara moja, na kwamba kuanzia sasa hakuna chupa itakayotoka bila sahani ya kuonja. Alipofika mlangoni aligeuka, akauliza kwa sauti ya chini kama ana mtu wa kumsindikiza kwa daktari.

Mbegu zilizobaki Kijiti alizipanda Jumatatu, visahani viwili, za kawaida zikiwa kando yake safari hii. Jeli ilipikwa na Mama Vipimo, maana Kijiti aligoma kumwachia mtu mwingine. Ila alisimama ubavuni pake, na kila hatua ikasemwa kwa sauti. "Natia," alisema Mama Vipimo. "Nimeona," alijibu Kijiti. Mpira ukavishwa. Wiki iliyofuata mizizi ya kawaida ilikuwa mchele mtupu, na ile isiyo na mnyapara ilikuwa imeshuka mpaka chini ya kisahani, mirefu, haina habari. Mama Vipimo aliitazama kwa muda mrefu na akaionea huruma, ingawa ilikuwa na afya kuliko yeye.

Lakini hilo lilikuwa baadaye. Jumapili ile, siku mbili baada ya kukaa juu ya ndoo, alikuwa jikoni kwake mchana anapika mchuzi, na mume wake yuko sebuleni ameinamia saa ya mtu. Alizima jiko, akaenda akasimama mlangoni.

"Mchuzi wangu una chumvi?"

Fundi saa aliweka chini kibano chake.

"Una chumvi mara mbili, bibie. Si kila siku. Tangu mvua za mwanzo."

"Na ukawa unanywa maji tu."

"Nilidhani nikikwambia, litakuwa kweli."

Akamwambia yote: simu, chupa, mchele na ufuta. Waliongea mpaka mchuzi ukapoa, na wakakubaliana Alhamisi waende hospitali pamoja, wapime, wajue moja. Yeye alilia kidogo, na mumewe akalia kuliko yeye, mpaka ikabidi amtanie ndipo anyamaze.

Kisha alirudi jikoni, akawasha jiko upya. Alichukua chumvi kwa ncha ya kijiko, akaitia, akatoa mpira mwekundu mfukoni na kuuvisha kwenye mpini wa kifuniko cha sufuria. Alisimama akiutazama mpira ule. Halafu, kwa kuwa shahidi mmoja alikuwa ameshamwangusha, aliita kwa sauti:

"Nimetia!"

"Nimesikia!" mume wake aliitikia kutoka sebuleni.

Akasikiliza mpaka sauti ile ilipoisha, akachukua mwiko, akaendelea kukoroga.